Wiki Kumi na Moja za Maji ya Kahawia

Kazini walimwita Bi Matone, naye aliitika. Kwa miaka ishirini na tisa kazi yake ilikuwa kudondosha tone moja la alkali ndani ya bika la kioo lenye maji, kutazama sindano ya mita, kuandika, kisha kudondosha jingine. Mafundi wa mtambo wa maji walimtania kwamba hata chai yake huitilia sukari kwa bureti, ule mrija wa kudondoshea, na kwamba siku ya harusi yake shehe alimuuliza kama amekubali, akaomba dakika kumi aone kama jibu litatulia. Hakuwa mwepesi wa kucheka, ila utani huo aliupenda. Ukitaka akununie wiki nzima ulitakiwa tu kusema kwamba kazi yake ni ndogo.

Wala haikuwa ndogo. Maji ya mji huo yalitoka kwenye kinamasi kikubwa nyuma ya vilima, na majani, mizizi na matete yaliyooza humo miaka nenda miaka rudi yaliyatia rangi ya chai iliyokolea. Rangi ile ni mboji iliyoyeyuka, na mboji ina asidi yake. Si asidi ya kuunguza. Ungekunywa glasi nzima usijue. Lakini usipojua iko kiasi gani huwezi kujua utie chokaa kiasi gani, na maji yasiyopata chokaa ya kutosha hula mabomba yanamopita. Kwa hiyo kila mwanzo wa msimu Bi Matone alipima. Maji ya kahawia ndani ya bika, gesi ya naitrojeni ikibubujika ili hewa ya chumbani isije ikaingiza asidi yake, sumaku ndogo ikizunguka chini kukoroga, na bureti juu ikidondosha. Wenyewe huiita taitresheni.

Asidi ya dukani ni rahisi. Unatia, unatia, kufumba na kufumbua sindano inaruka, kazi imekwisha, unaenda zako kunywa chai. Ya mboji haina adabu hiyo. Unadondosha tone, sindano inapanda, unadhani umeipata, kumbe ukikaza macho unaona inaanza kurudi nyuma. Polepole. Mle ndani kuna asidi nyingine iliyokuwa imejificha na sasa ndiyo inatoka. Unangoja. Inarudi tena, kidogo kuliko mwanzo. Hakuna mahali inapokuambia kwamba imekwisha. Unachagua wewe pa kusimama. Kipimo kimoja kizima kilimla siku nzima, tangu asubuhi mpaka wenzake wanafunga mageti.

Aliyemfundisha alikuwa mkuu wa maabara wa zamani, mtu mwembamba mwenye sweta moja la kijivu, ambaye kila mtu alimwita Mkuu, hata mkewe. Sheria yake ilikuwa moja: baada ya kila tone, hugusi kitu mpaka sindano isogee chini ya sehemu moja ya mia kwa dakika nzima. Ukitaka kuongeza tone kabla ya hapo, sauti ilitoka nyuma ya bega lako la kushoto: "Ngoja."

Mkuu alikuwa amekufa miaka ishirini na mbili na ushei. Bi Matone bado alimsikia.

Hakumsikia ndotoni, wala gizani. Alimsikia mchana kweupe, saa nne asubuhi, feni ikizunguka darini na redio ya mlinzi ikisikika kwa mbali, mkono wake ukiwa kwenye koki ya bureti. "Ngoja." Sauti kavu, ya mtu aliyeamka mapema. Miaka ya kwanza aligeuka kila mara, nywele zimemsimama, akakuta kigoda cha Mkuu kiko palepale pembeni ya dirisha na hakuna mtu. Baadaye aliacha kugeuka. Aliondoa tu mkono na kungoja. Kigoda kile hakuwahi kukikalia hata siku moja, na hakuruhusu mtu akikalie. Wenzake walisema ni heshima kwa marehemu, naye aliwaacha waseme.

Sababu aliijua. Hakuhitaji mganga wala mwombezi wa kumfumbulia.

Ilikuwa miaka ishirini na tatu nyuma, mvua za kwanza. Mkuu alikuwa amelazwa, figo, na Bi Matone, wakati huo ana miaka thelathini na mmoja, aliachiwa maabara peke yake kwa mara ya kwanza. Kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo, tuseme ukweli. Alianza kipimo cha msimu saa mbili asubuhi. Kufika saa saba alikuwa nusu ya njia, na sindano inarudi nyuma, inarudi nyuma, haitaki kutulia. Mdogo wake alikuwa na mtoto wa miezi miwili, binti, na Bi Matone alikuwa amemwahidi kwenda kumsaidia mchana huo kwa sababu maziwa yalikuwa yamemkauka kifuani na mtoto analia kutwa. Akatazama grafu aliyoichora mpaka hapo. Ilifanana na ya msimu uliopita kama pacha. Akachukua karatasi ya msimu uliopita, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, akaweka ile mpya juu yake, na kwa mwanga wa jua akafuatisha kwa penseli nusu iliyobaki.

Dakika tano. Akapiga hesabu, akaandika kwenye rejista, mbili nukta tisa, akapeleka hospitali. Mkuu alitia sahihi kitandani bila hata kuvaa miwani, maana alimwamini. Alasiri hiyo Bi Matone alikuwa nyumbani kwa mdogo wake, amempakata mtoto, akimtengenezea chupa ya maziwa ya unga kwa maji ya bomba.

Nusu ile ya kwanza ilifanana kweli. Nusu ya pili, ile aliyoichora dirishani, ndiyo iliyokuwa tofauti. Mvua ilikuwa imesukuma kutoka kinamasini mboji mpya, yenye asidi nyingi iliyojificha chini kabisa, ile ambayo huonwa tu na anayengoja. Chokaa ikapimwa kwa namba yake. Maji yakawa yanatoka mtamboni yakionekana hayana neno, kisha njiani, ndani ya mabomba, yakaendelea kuchachuka taratibu bila mtu kujua. Na katika mtaa wa nyumba za zamani, alikokaa mdogo wake, mabomba yalikuwa ya madini ya risasi.

Mkuu alirudi kazini baada ya wiki kumi na moja, suruali imempwaya. Siku ya kwanza alirudia kipimo chote mwenyewe, ameketi kwenye kigoda chake kutwa nzima. Kesho yake asubuhi Bi Matone alifungua rejista akakuta chini ya namba yake kuna namba nyingine, kwa mwandiko wa Mkuu: nne nukta nne. Hakukata ile ya kwanza. Hakuandika neno pembeni. Chokaa ilikuwa imeshaongezwa tangu jioni.

Alingoja agombezwe. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Mkuu hakutia neno. Aliendelea kumsalimia, kumuuliza habari za nyumbani, na kusimama nyuma yake wakati wa kupima, karibu zaidi kuliko zamani. "Ngoja." Miezi mitatu baadaye alifariki. Angemgombeza, angemwita mwizi na mvivu mbele ya mafundi wote, huenda Bi Matone angelia siku moja yakaisha. Mzee wa watu hakumpa nafasi hiyo, na kwa hilo, Mungu amsamehe, Bi Matone alimkasirikia mpaka leo.

Hata hivyo kwa muda alidhani ni kosa la kazi tu, la kuonea aibu peke yako. Mtoto alikuwa ametimiza miaka mitano ndipo mtambo ulipoanza kung'oa mabomba ya mtaa wa zamani. Bi Matone alipita uani akayakuta yamerundikwa, ya kijivu, mazito, na fundi mabomba akikwangua moja kwa ukucha kumwonyesha mwenzake.

"Risasi tupu hii," fundi alisema. "Ikipata maji machachu inayeyuka, huioni. Mtu mzima inamsumbua kidogo, lakini mtoto wa chupa? Huyo inampanda kichwani."

Bi Matone alisimama pale na mfuko wake wa chakula. Binti wa mdogo wake, waliyempachika jina la Kisura kwa jinsi alivyokuwa mzuri, alikuwa na miaka mitano na hajaunganisha maneno matatu. Aliurudisha mfuko nyumbani jioni bila kuufungua.

Sasa Kisura ana miaka ishirini na tatu. Anashona vifungo, anapinda mapindo, mkono wake umenyooka kuliko wa mama yake, ambaye ndiye fundi cherehani mwenyewe. Lakini hajui kusoma, ukimpa noti hajui akurudishie nini, na ukimuuliza swali anakutazama kwa muda mrefu, kwa upole, kabla hajajibu. Mara nyingine hajibu.

Na katika ukoo kila mtu alijua kwa nini. Walikuwa na uhakika wao. Mama yake hakumnyonyesha. Hawakusema alikosa maziwa; walisema alimnyima. Wifi yake alisema kwenye harusi ya watu, watu wamekaa wanasikiliza. Mjomba wao alisema kwa mafumbo, maana yeye ni mtu wa dini. Mume alisema kwa mlango, aliondoka Kisura akiwa na miaka saba na neno la mwisho lilikuwa kwamba hawezi kuishi na mwanamke aliyeshindwa kazi ambayo hata mbuzi anaiweza. Na mama yao mzazi, ambaye ungetarajia angekuwa upande wa bintiye, alilisema kila alipomwona mtoto, akitikisa kichwa: "Ungemnyonyesha, mwanangu. Ungejikaza tu." Alilisema hata siku mbili kabla ya kufa. Bi Matone alikuwa ameketi miguuni pa kitanda siku hiyo, anamkanda mama miguu. Alikaza macho kwenye mafuta ya kukandia.

Alikuwa na neno moja la kujifichia: huenda. Huenda yalikuwa maji. Huenda mtoto angezaliwa hivyohivyo. Kuna watoto wengi wa mtaa ule waliokunywa maji yaleyale na leo ni mawakili. Nani awezaye kupima kitu ndani ya mtoto mmoja miaka yote hii imeshapita? Alijiambia hivyo akisugua vyungu, akiwa sokoni, akiwa kitandani pembeni ya mumewe, ambaye naye hakuwahi kuambiwa. Na kila alipokwenda kwa mdogo wake alibeba kitu, kitambaa, sukari, dawa ya kikohozi, mpaka mdogo wake akamwambia siku moja, kwa kucheka, "Dada, wewe unanilea kama unalipa mahari." Bi Matone alikaribia kuangusha kikombe.

Mambo yakatulia hivyo, yangeweza kutulia mpaka kaburini, kama si mashine.

Mkuu mpya wa maabara alikuwa binti wa miaka thelathini, mwepesi, mwenye heshima zake, na mwaka huu alipata kile alichokuwa akikiombea tangu aje: mashine ya taitresheni inayojiendesha. Ilifika ndani ya sanduku la mbao, nyeupe, na mrija mmoja kama mdomo wa korongo. Mafundi walikuja kumpa Bi Matone pole kama amefiwa.

"Inangoja muda gani baada ya kila tone?" Bi Matone aliuliza.

"Sekunde thelathini, mama."

"Haitoshi. Kwa mboji haitoshi kabisa. Itakupa namba nzuri na itakuwa ya uongo."

Alisema kwa ukali mpaka yeye mwenyewe akashtuka. Alijiandaa kubishana, alijiandaa hata kueleza. Binti akabonyeza kitufe mara tatu.

"Basi tunaiambia ingoje mpaka itulie. Dakika kumi, ishirini, yenyewe haichoki wala haina mtu wa kuwahi nyumbani. Sawa?"

Bi Matone alitazama ile mashine na alitamani kucheka na kuipiga teke kwa pamoja. Miaka ishirini na tisa ya maumivu ya shingo, imekwisha kwa kidole.

"Kitu kingine, mama," binti alisema. "Rejista za zaidi ya miaka ishirini zinachomwa Ijumaa. Stoo imejaa, panya wanazaliana. Nimeandika orodha, nitaomba sahihi yako kama mtunzaji."

Akampa karatasi. Rejista ile yenye namba zake ilikuwa ya nne kutoka juu, mwaka na msimu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuziona namba mbili zile zimekaa pamoja, zaidi yake na Mkuu. Ijumaa mchana moto ungekula ukurasa ule, na "huenda" ya Bi Matone ingebaki peke yake bila wa kuibishia. Mdogo wake angezeeka hivyo, akijua kwamba ni kifua chake kilichomharibu mwanawe. Angekufa hivyo.

Alikwenda stoo na kalamu mkononi. Rejista ilikuwa na vumbi na pembe imeliwa. Ukurasa aliupata bila kutafuta. Mbili nukta tisa, mwandiko wake wa ujana, umeinama kwa majivuno. Nne nukta nne. Akasimama katikati ya rafu na kungoja. Hakika alikuwa anangoja: alikuwa anamsubiri mzee aseme neno lake, kama alivyolisema kila mara mkono wake ulipotaka kufanya kitu upesi. Akaiweka kalamu juu ya orodha, juu ya nafasi ya sahihi, kumchokoza. Bega la kushoto likamsisimka kwa baridi.

Kimya. Panya walikuwa wakikwaruza nyuma ya makabati. Mzee hakusema.

Hofu iliyompata hapo hakuwahi kuipata wakati wa sauti. Miaka yote aliichukia ile "Ngoja," na papo hapo alitambua kwamba alikuwa akiitumia. Alikuwa akingoja kwa ruhusa. Sasa mwenye ruhusa amenyamaza, na aliyebaki stoo ni mwanamke mmoja wa miaka hamsini na minne ambaye anajua na hasemi. Akakaa sakafuni, sketi ya kazi na yote.

"Hii moja naiomba," alimwambia binti baadaye. "Ya kumbukumbu."

"Chukua tu, mama. Ungesema hata zote ningekupa."

Alifika kwa mdogo wake saa tisa alasiri, bila sukari wala kitambaa, rejista ndani ya mfuko wa nailoni. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, cherehani mbili, ubao wa kukatia, na nguo za watu zimening'inia zikiwa na karatasi za majina. Kisura alikuwa kwenye mkeka, mkebe wa vifungo kati ya miguu.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, Kisura wangu."

"Leo mikono mitupu?" mdogo wake alimtania, pini mdomoni. "Au mshahara umeota mbawa?"

Bi Matone hakucheka. Mdogo mtu akamtazama, akatoa pini moja moja mdomoni na kuzichomeka kwenye kimto chake cha pini.

"Kisura, mama, kaanue zile nguo uani. Taratibu, usiziburuze."

Kisura alipotoka Bi Matone aliweka rejista juu ya ubao wa kukatia, katikati ya kitambaa cha sare za shule, akaifungua. Alikuwa amejiandalia maneno njiani. Yote yalipotea. Akaweka kidole.

"Hii namba ni yangu. Hii ya chini ni ya Mkuu, yule mzee marehemu. Yake ndiyo ya kweli. Yangu niliichora dirishani."

"Dada, mimi ni fundi nguo."

Akamweleza. Alimweleza vibaya, kwa kurukaruka, akirudi nyuma, lakini alimweleza lote: mboji, chokaa, mabomba ya risasi, mchana ule alioharakisha aje amshike mtoto. Akamweleza fundi alivyokwangua bomba kwa ukucha. Mdogo wake alisikiliza ameshika mkasi, hakati wala hauweki chini.

"Wiki ngapi?"

"Kumi na moja."

"Nilikuwa nachemsha," mdogo wake alisema. "Nesi alisema nichemshe. Nilichemsha mara mbili, dada, niliacha yakapungua kabisa, ili yawe safi."

Bi Matone hakuweza kumtazama. Risasi haiondoki kwa moto. Maji ndiyo huondoka, yenyewe hubaki.

"Hiyo ilizidisha?" mdogo wake aliuliza.

"Ilizidisha."

Nje kamba ya nguo ilisikika ikicheza. Kisura alikuwa akiimba kitu kisicho na maneno.

"Sina hakika," Bi Matone alisema upesi. "Hakuna atakayejua kwa hakika. Ni huenda. Huenda ni maji, huenda—"

"Na maziwa je? Hayakuwa huenda?" Sauti ya mdogo wake ilikuwa ya chini sana. "Mbona hilo walilisema kama lina muhuri wa serikali? Ulijua lini?"

"Alipokuwa na miaka mitano."

Mdogo wake alihesabu. Alihesabu kwa kunyanyua vidole, mmoja mmoja, kama anavyofanya Kisura.

"Baba yake aliondoka ana saba," alisema. "Ulikuja siku ile. Ulinipikia uji. Ulinishika kichwa nikiwa nalia, nikakuambia kweli, dada, mimi ndiye niliyemharibu mwanangu. Unakumbuka ulisema nini?"

Alikumbuka. Alikuwa amesema: nyamaza, yamekwisha.

"La maji ni kosa," mdogo wake alisema. "Ulikuwa kijana, ulikuwa na haraka, na haraka yenyewe ilikuwa ya kuja kwangu. Hilo sina la kukuambia. Lakini hili jingine ulilifanya kila siku. Kila ulipoingia kwenye mlango huo na sukari yako ulilifanya."

Akaweka mkasi. Bi Matone alidhani atamwambia atoke, na angetoka, alikuwa ameshajikusanya. Badala yake mdogo wake alichukua simu kwenye meza ya cherehani, akabonyeza, akamtilia mkononi. Ilikuwa inaita.

"Nani?"

"Wifi. Mwambie."

"Niseme nini?"

"Ulivyoniambia mimi. Anza na dirisha."

Wifi alipokea kwa kelele za televisheni. Bi Matone alianza na dirisha. Alikwama kwenye mboji, akaendelea, akafika kwenye risasi. Upande wa pili televisheni ilizimwa. "Sasa unasema si maziwa?" wifi aliuliza, na Bi Matone akasema huenda si maziwa, na mdogo wake, aliyekuwa amesimama karibu sana, nyuma ya bega lake, akasema, "Mtaje ni nani." Bi Matone akasema, "Huenda ni mimi." Wifi akaanza kusema kwamba yeye tangu zamani alikuwa na mashaka. Mdogo mtu aliikata simu.

Akabonyeza tena. Mjomba alikuwa amelala mchana na ilibidi aelezwe mara mbili. Alitaja qadari, alitaja subira, alitaka kuwaombea. Safari hii Bi Matone hakukwama popote, na hilo lilimtisha, jinsi maneno yalivyokuwa yakilainika mdomoni kwa kurudiwa.

Wa tatu alikuwa yule mwanamume aliyeondoka, baba yake Kisura. Alisikiliza mpaka mwisho bila hata kukohoa. Sekunde za simu zilihesabika kwenye kioo.

"Mpe mwenzako simu," alisema hatimaye.

Mdogo wake alikuwa amesikia. Alitikisa kichwa.

"Anasema hapana," Bi Matone alisema.

"Mwambie mimi nilim—"

Mdogo wake akamnyang'anya simu na kuikata. Kisura alirudi na nguo zimejaa kifuani mpaka kidevuni, akazishusha juu ya mkeka, akawatazama wote wawili kwa zamu, polepole, kwa utaratibu wake. Kisha akaketi na kuanza kukunja mashati.

Mdogo mtu alikuwa akishuka na kidole kwenye orodha ya majina ndani ya simu. Alishuka muda mrefu. Alipopata alichotaka aliiweka simu mbele ya uso wa dada yake, kwa mkono ulionyooka.

"Mpigie na mama," alisema.

Mama yao alikuwa na mwaka wa sita kaburini. Bi Matone alitafuta usoni mwa mdogo wake dalili ya mzaha, au ya kuchanganyikiwa, akakosa. Jina lilikuwa pale kwenye kioo, na namba chini yake.

"Mdogo wangu," alisema.

"Mpigie. Umwambie kama ulivyowaambia hao."

Na ule mkono haukushuka.